Kutoka Rukwa hadi Katavi, Mstari kwa Mstari

Mwamkulu haijahama. Mashamba yake ya mpunga yapo palepale, Mpanda, ila mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa, anwani yake ilibadilika. Kwenye bahasha unafuta mkoa mmoja na kuandika mwingine, basi. Kwenye seva ya taarifa za mazao ambayo kurasa zake zilianza na /rukwa/mpanda/, kila kiungo kilichowahi kuhifadhiwa, kutumwa au kuchapwa kwenye ripoti bado kinaelekea kule kwa zamani. Fundi ninayemtazama kazini anataka kila anayekifuata afike.

Haanzi na amri. Anaanza na logi za seva: anazichambua anwani zilizoombwa, anaondoa zinazojirudia, anazipanga kialfabeti. Kisha anaandaa faili lenye safu mbili, kushoto jina la mahali, kulia wilaya yake ya sasa. Yaani: mwamkulu, mpanda; inyonga, mlele; karema, tanganyika. Mwenye haraka angeteleza hapa, maana Mpanda ya zamani haikuingia Katavi ikiwa kipande kimoja. Kila mstari anaulinganisha na orodha iliyochapwa, kidole kikiwa juu ya karatasi. Jina lenye shaka analiwekea alama ya # mbele ili seva isilisome mpaka apate uhakika.

Ndipo anafungua faili la mipangilio ya Apache, programu inayoendesha seva hiyo. Chombo chake ni mod_rewrite, moduli aliyoiandika Ralf S. Engelschall mwaka 1996 na kuikabidhi kwa kundi la Apache mwaka uliofuata. Sheria yenyewe ni fupi. Alama ya ^ inashika mwanzo wa anwani, mabano ya kwanza yanadaka jina la mahali, ya pili yanadaka chochote kinachofuata, $ inafunga. Jina lililodakwa linatafutwa kwenye lile faili la safu mbili, na wilaya inayopatikana inaingizwa kwenye anwani mpya. Hivyo /rukwa/mpanda/inyonga/2009 inatoka ikiwa /katavi/mlele/inyonga/2009. Mwaka haukuguswa.

Moduli inaruhusu kuweka jibu la akiba kwa jina lisilokuwemo kwenye faili, na ingekuwa rahisi kuandika “mpanda” na kwenda zako. Yeye hakubali. Jina asilolijua analipeleka kwenye ukurasa wa kutafutia, msomaji achague mwenyewe, kuliko kumfikisha pasipo pake huku akidhani amefika. Kwangu mimi, ufundi wake umo hasa katika kukataa huko.

Mpangilio nao una uzito. Seva husoma sheria kuanzia juu, kama maji yanavyoingia majaruba: la kwanza lenye mlango wazi ndilo linaloyapata. Kwa hiyo sheria finyu anaiweka juu, pana chini, na mwishoni mwa kila moja anaandika L ili usomaji uishie hapo. Anwani iliyokuwa ikirushwa mara mbili kabla ya kutua anaifupisha, ifike kwa hatua moja.

Nyuma ya Apache kuna Tomcat, programu nyingine ya seva inayopokea anwani hizo, yenye utaratibu wake: hutazama kwanza anwani inayolingana kikamilifu, kisha njia ndefu zaidi, kisha kiishio, mwisho ile ya jumla. Huko anahakikisha tu kwamba anwani mpya zina pa kupokelewa.

Sasa anapima. Anakagua kwanza kama faili limeandikwa sawasawa, halafu anaipakia upya seva bila kuwakata walio katikati ya kusoma. Jibu analolitoa kwa sasa ni 302, uhamisho wa muda, kwa kuwa 301, ule wa kudumu, vivinjari huukumbuka, na kosa lake huendelea kuishi kwenye kompyuta za watu hata baada ya kusahihishwa. Anaziita anwani za zamani moja moja kwa amri ya curl na kusoma kichwa cha kila jibu.

Moja inagoma. Mtu aliandika Mwamkulu kwa M kubwa, na ndani ya faili ipo ndogo. Anaongeza hatua ya kugeuza herufi zote kuwa ndogo kabla ya kutafuta, anapakia upya, na anarudia kupima orodha nzima kuanzia ya kwanza. Zinapofika zote, anabadilisha 302 kuwa 301.