Mtumbwi Uliobeba

Wapiga picha wa siku hizi hukimbilia machweo. Kwa upande wetu wa Ziwa Tanganyika jua huzama nyuma ya milima ya Kongo, na picha inayotoka ni ile ile: maji ya rangi ya chungwa, mtumbwi mweusi, mvuvi asiye na uso.

Mzee mmoja aliyekuwa na studio Sumbawanga mjini aliteremka Kasanga kwa basi, akalala huko, ili alfajiri imkute ufukweni wavuvi wa dagaa wakirudi. Saa hizo jua lilichomoza mgongoni mwake, juu ya milima ya Ufipa, likawamulika usoni watu waliokesha. Karabai zimezimwa, vioo vimeingia moshi, nyavu zinachuruzika maji. Hapo ndipo alipopiga, tena kwa kujibana, maana mkanda ulikuwa na picha 36 tu.

Lakini ufundi wenyewe niliuona mezani. Picha zikishasafishwa, alichukua vipande viwili vya boksi, akavisogeza juu ya kila moja, akifunika huku, akifunua kule, mpaka ajue nini kibaki. Alianza na maji: mtumbwi uliobeba hukaa chini, na ubao mwingi ukionekana juu ya maji, wavuvi wamerudi mikono mitupu. Halafu kamba, imekaza au imelegea. Halafu mikono.

Moja niliipenda sana: kijana ameshika kasia, kifua mbele, anatabasamu. Mzee akaiweka kando.

“Mwanangu, huyu ameacha kazi akaniangalia mimi.”

Akabakiza ambayo wengi wangeitupa. Wanaume wawili wameinama wakiinua wavu, nyuso nusu zimefichika, na pembeni umeingia mkono wa mtu wa tatu asiyeonekana. Akaugusa kwa kidole. “Huu ndio unaovuta.”

Alikuwa nazo pia za Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924. Kila msafiri alikuwa akiipiga picha. Yeye aliiacha nyuma, mbele akaiweka mitumbwi ikigombea abiria na magunia kwenye vijiji visivyo na gati. Wageni wangapi waliwakumbuka wapiga kasia waliowafikisha nchi kavu?

Uvuvi ulipofungwa ziwani, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nilitumiwa picha nyingi za mitumbwi iliyovutwa ufukweni. Karibu zote mtu amesimama mbele ya chombo, amekiziba. Zimepita kwenye simu kama zilivyokuja. Hakuna aliyekaa nazo akauliza hii ina nini, ile imekosa nini. Tunapiga sana, hatutazami.

Studio ile imefungwa. Picha za mzee zimetawanyika kwenye masanduku ya watu, kuanzia Kirando hadi Kasanga. Kama unayo moja, igeuze leo uandike nyuma kwa penseli jina la chombo, kijiji, mwaka na waliomo, wakati wa kuulizwa wangali hai.