Jina, Fasili na Mpangilio: Uhakiki wa Lugha katika Uteuzi wa Kitabu cha Kiada cha Kemia Isokaboni

Ikisiri
Uteuzi wa kitabu cha kiada cha sayansi kwa kawaida huachiwa wataalamu wa somo husika, nao hupima zaidi upana wa maudhui. Makala haya yanahoji kwamba kitabu cha kemia isokaboni ni matini, na kwamba mwanafunzi mzungumzaji wa Kiswahili anayesoma kwa Kiingereza hufaulu au hukwama katika majina, fasili na mpangilio wa hoja. Vitabu vitatu vinahakikiwa kwa vigezo hivyo.

Utangulizi
Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma hujifunza sayansi kwa Kiswahili. Akiingia sekondari lugha hubadilika kuwa Kiingereza, na hali hiyo huendelea hadi chuo kikuu. Kwa hiyo kitabu cha kiada humfanyia kazi mbili kwa pamoja: kumfunza kemia na kumfunza lugha ya kemia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini kisawe hakimwelezi msomaji mipaka ya dhana. Kazi hiyo ni ya fasili, na fasili zimo ndani ya kitabu cha kiada.

Vitabu vinavyohakikiwa ni Advanced Inorganic Chemistry cha Cotton na Wilkinson, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1962. Chemistry of the Elements cha Greenwood na Earnshaw, cha mwaka 1984. Na Inorganic Chemistry cha Housecroft na Sharpe, cha mwaka 2001.

Jina la somo
Istilahi "isokaboni" ni ufupisho wa "isiyo na kaboni". Msomaji anayeifuata kimofolojia atatarajia somo lisiloigusa kaboni. Hata hivyo, Greenwood na Earnshaw wameitengea elementi hiyo sura nzima. Ferosini, kampaundi ambamo atomu ya chuma imo katikati ya pete mbili za atomu tano tano za kaboni, ni mfano maarufu wa somo hilihili. Wilkinson na Ernst Otto Fischer walitunukiwa Nobel mwaka 1973 kwa utafiti wa kampaundi za aina hiyo. Jina la Kiingereza nalo si salama zaidi, kwani lenyewe hukanusha uhusiano na viumbe hai. Chokaa ya pwani huyatia majina yote mawili majaribuni. Matumbawe yanayochomwa kuipata ni kabonati ya kalisi: yana kaboni, yametengenezwa na viumbe hai, na bado kemia yake ni isokaboni. Kitabu kinachofaa ni kile kinachoionyesha mapema mipaka halisi ya somo, badala ya kuliachia jina kazi hiyo.

Fasili
Tatizo hilo hujirudia ndani ya somo. Neno "uoksidishaji" limebeba oksijeni katika mzizi wake, ilhali sodiamu inayoungua katika klorini huoksidishwa pasipo oksijeni yoyote, kwa kuwa kinachohesabiwa ni kupoteza elektroni. Vivyo hivyo, "metali za mpito" humfanya msomaji afikirie kila elementi iliyo kati ya pande mbili za jedwali. IUPAC, yaani Umoja wa Kimataifa wa Kemia Halisi na Tumizi, huzifasili kwa elektroni: sharti atomu, au ioni chanya inayoweza kutokana nayo, iwe na obiti za d zisizojaa kikamilifu. Kwa fasili hiyo zinki haimo, ingawa imo katika bloku ya d.

Katika kigezo hiki Housecroft na Sharpe wanatangulia. Fasili zao muhimu hutengwa na maandishi mengine, mifano hufanyiwa kazi hatua kwa hatua, na mazoezi hufuata papo hapo. Cotton na Wilkinson huandika wakimdhania msomaji aliyekwisha kuivuka hatua hiyo. Fasili aghalabu humezwa na aya ndefu yenye taarifa nyingi.

Mpangilio
Isimu matini hufunza kwamba taarifa mpya hueleweka ikijengwa juu ya taarifa kongwe. Greenwood na Earnshaw huanza na asili ya elementi na jedwali, kisha huzipitia elementi kundi kwa kundi. Kampaundi za uratibu hupata sura yake katika sura ya 19. Huo ni mpangilio wa kamusi bora: anayejua anachokitafuta hukipata kwa ukamilifu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui bado cha kutafuta. Housecroft na Sharpe hutanguliza kanuni za muundo na muungano wa atomu, ndipo wanapoingia katika makundi, hivyo kila sura hupata pa kuegemea.

Umri wa toleo
Matoleo ya zamani yaliyojaa katika maktaba nyingi yana mtego wa kiistilahi. Kabla ya IUPAC kupendekeza namba 1 hadi 18 mwishoni mwa miaka ya 1980, alama IIIB ilikuwa kundi la boroni kwa desturi ya Ulaya na kundi la skandi kwa desturi ya Marekani. Aidha, Neil Bartlett alitengeneza kampaundi ya zenoni mwaka 1962. Tangu hapo jina "gesi ajizi" limekuwa likidai zaidi ya ukweli wenyewe.

Pingamizi na hitimisho
Yaweza kudaiwa kwamba wepesi wa lugha hupunguza kina. Pingamizi hilo lina uzito: visanduku vingi vya Housecroft na Sharpe hukatiza mtiririko wa hoja, na nathari nzito ya Cotton na Wilkinson humwandaa msomaji kwa makala za utafiti. Lakini kina kisichofikiwa hakimfaidii mwanafunzi. Pendekezo ni kwamba Housecroft na Sharpe kiwe kitabu cha kiada, Greenwood na Earnshaw kiwe marejeleo ya maktaba, na Cotton na Wilkinson kisubiri mwaka wa mwisho.

Idara inayosita ina kipimo rahisi. Ichague dhana moja, iwape wanafunzi maelezo yake kutoka vitabu vyote vitatu, kisha iwatake wayaeleze kwa Kiswahili bila kutazama. Kitabu ambacho maelezo yake yanavuka lugha yakiwa na mipaka yake yote ndicho kilichoeleweka. Mtihani huo wamwhitaji mwanakemia na mwanaisimu wakae meza moja, jambo ambalo taratibu za sasa za uteuzi hazilidai.