Kete ya Kwanza

Ukitaka kumjua fundi wa bao, mtazame anaponamua kete ya kwanza. Jioni pale Mwembesongo, Morogoro, Uluguru ikiwa imeshajifunika mawingu, watazamaji huendelea na soga zao wakati bao linafunguliwa. Hunyamaza nyumba zikianza kuliwa. Mimi naona wanakosa uhondo.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita nyumbani, yaani shimo la tano la safu ya mbele kutoka kushoto kwake, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Nyingine 22 ziko mkononi, za kunamua, yaani kutia ubaoni moja moja. Aliyeupanga mwanzo huu alikuwa na akili nyingi: hakuna shimo lenye kete linalotazamana na shimo la mwenzake lenye kete. Anayeanza hana cha kula, lazima atakase, yaani agawe kete zake bila kula, na nyumba haitakaswi maadamu mashimo mengine ya mbele yana kete. Zinabaki njia nne tu: mashimo mawili, kulia au kushoto.

Kulia ni salama, kete zinakwenda kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, na kuzungukia nyuma. Lakini mtazame anayethubutu kushoto. Anatia kete katika shimo linalopakana na nyumba, zinakuwa tatu. Anazigawa: moja nyumbani, moja shimo la nne, moja la tatu, analala: zamu yake imekwisha. Sasa kete moja tu, katika shimo la nne, imeikabili nyumba ya mwenzake yenye kete sita! Mwenzake analazimika kula, na uchaguzi wake ni mchungu. Akila ya shimo la tatu, nyumba yake inazolewa. Akila ya nne, aliyefungua anatia kete katika la tatu na kula mbili.

Fundi hatosheki na hizo mbili. Anaangalia azigawe kuanzia kichwa kipi. Akianzia kushoto, analala upesi. Akianzia kulia, ya pili inaangukia shimo la saba, lenye kete mbili. Anazichota zote tatu, anaweka moja la sita, moja nyumbani, na ya mwisho inatua tena shimo la nne, mbele ya nyumba ile ile. Hayo yote aliyaona kabla hajafungua, na mkononi bado ana kete 20.