Dawa ya maumivu ya kibofu: imepimwa kwa nani, na kwa muda gani?

Msomaji, ukiwa Lushoto "dawa ya mti" si jambo geni. Misitu ya Usambara Magharibi ina Prunus africana, mti ambao magome yake hutengenezewa dawa inayouzwa Ulaya kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba. Ni rahisi kusema basi, hiyo ni dawa ya kibofu. Hapana. Tezi dume ni jambo moja. Maumivu sugu ya kibofu, yale ambayo mkojo ukipimwa hauonyeshi bakteria, ni jambo jingine.

Maumivu hayo yana kidonge chake, na kumbe nacho asili yake ni mti: pentosani polisulfeti, jina la dukani Elmiron. Hutengenezwa kiwandani kutokana na mbao za mti wa Ulaya. Inadhaniwa kwamba hufunika ukuta wa ndani wa kibofu ili mkojo usiuchome. FDA ya Marekani iliiidhinisha mwaka 1996.

Sasa tuikague. Katika jaribio moja la watu 148, baada ya miezi 3, asilimia 38 ya walioitumia walisema maumivu yamepungua zaidi ya nusu. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 18. Si haba. Lakini jaribio lililochapishwa 2015, lenye watu 368, halikuona tofauti: kila kundi, hata la kidonge kitupu, takriban asilimia 40 walipata nafuu.

Halafu yakaja macho. Mwaka 2018 madaktari wa Atlanta walieleza wagonjwa 6 waliotumia dawa hii kwa muda mrefu, retina zao zimeharibika. Onyo likaandikwa kwenye maelezo ya dawa 2020, miaka 24 baada ya idhini.

Kasoro ninayoiona ni hii: dawa ya kumezwa miaka ilipimwa kwa miezi. Na magome yetu je? Majaribio yaliyokusanywa na mapitio ya Cochrane yalidumu siku 30 hadi 122 tu. "Ya asili" haijibu swali hilo.

Kwa hiyo kibofu kikiuma, pima kwanza UTI na kichocho, maana hivyo vina tiba inayojulikana. Ukipewa dawa nyingine yoyote, ya duka au ya msitu, uliza: imepimwa kwa nani, kwa muda gani, na ikilinganishwa na nini?