Kusoma Kabla ya Kuandika

Kompyuta ya mezani yenye Linux inawaka vizuri, mtumiaji anaingia, anafungua saraka alimoweka picha za familia, hesabu za biashara na maandishi ya miaka kadhaa, na anakuta hamna kitu. Hifadhi ya ZFS, iliyounganisha diski mbili au zaidi zikawa chombo kimoja, haikupachikwa mahali pake. Wengi wakifika hapa huona jambo moja tu, kwamba data imepotea, na ushauri wa kwanza wanaoupata ni kufomati na kuanza upya. Fundi anayestahili kuitwa fundi hutenganisha mambo mawili ambayo hofu huyachanganya: kitu kisichoonekana na kitu kisichokuwepo. Naandika kuusifu ufundi wake, na nadai kwamba thamani yake haitokani na wingi wa amri anazozikumbuka. Inatokana na utaratibu wa kusoma kila kinachosomeka kabla ya kuandika hata baiti moja kwenye diski. Utaratibu huo si suala la tabia njema tu. ZFS yenyewe imejengwa kwa namna inayomlipa mtu anayeufuata na kumwadhibu anayeupuuza.

Saraka tupu ni dalili moja yenye vyanzo vingi. Kati ya swichi ya umeme na jina la faili kuna hatua kadhaa, na kila moja inaweza kukwama. Kiini cha mfumo lazima kizione diski zenyewe, na kebo ya SATA iliyolegea inatosha kuificha moja. Moduli ya ZFS lazima iwe imepakiwa. Kisha hifadhi lazima iingizwe, yaani mfumo usome lebo zilizoandikwa kwenye diski, utambue ipi ni ya hifadhi gani, na ukubali kuishika. Kama kuna usimbaji fiche, ufunguo lazima utolewe. Baada ya yote hayo ndipo sehemu za hifadhi hupachikwa kwenye saraka zake. Amri za kuuliza ni chache na hazidhuru: lsblk huorodhesha diski, dmesg hueleza kiini kiliona nini wakati wa kuwaka, zpool import isiyotajiwa jina huonyesha hifadhi zinazoweza kuingizwa bila kuziingiza, na zpool status hueleza hali ya ile iliyokwisha ingizwa. Kila jibu hupunguza eneo la kutafuta. Ikiwa zpool status inasema ONLINE na saraka bado ni tupu, hakuna haja ya kufungua kasha la kompyuta, kwa kuwa tatizo liko kwenye ufunguo au upachikaji. Ikiwa lsblk haiioni diski, hakuna amri ya ZFS itakayosaidia. Hata majina ya diski si ya kuaminiwa, maana Linux huziita sda na sdb kwa mpangilio wa kuzigundua, na mpangilio huo unaweza kubadilika ukiongeza diski moja tu. Ndiyo sababu fundi hupendelea kuzitafuta kwa njia ya /dev/disk/by-id, ambako jina hubeba aina ya diski na namba yake ya kiwandani.

Kuna hitilafu moja inayoonyesha vizuri jinsi tatizo la jana linavyozaa la leo. Siku moja hifadhi inachelewa kuingizwa. Programu ya kupakua mafaili, isiyojua hilo, inaiandikia saraka ileile, ambayo kwa wakati huo ni saraka ya kawaida kwenye diski ya mfumo. Siku inayofuata hifadhi ni nzima kabisa, lakini matoleo ya zamani ya ZFS kwenye Linux yanakataa kuipachika juu ya saraka yenye vitu. Tangu OpenZFS 2.0, iliyotoka mwaka 2020, desturi imegeuzwa: hifadhi hupachikwa juu, na mafaili ya jana hubaki chini yake yakila nafasi bila kuonekana. Anayejua mfuatano huu huangalia kilichomo ndani ya saraka kabla ya kukifuta. Asiyeujua hufuta, na huenda alichokifuta ndiyo nakala pekee ya kazi ya siku nzima.

Hatua ya moduli nayo inataka kutazamwa kwa makini, kwa sababu chanzo cha matatizo yake hakimo kabisa ndani ya mashine. Sun Microsystems ilitoa msimbo wa ZFS mwaka 2005 chini ya leseni ya CDDL, na kiini cha Linux kinafuata GPL toleo la 2. Wengi huziona leseni hizo kuwa hazipatani, kwa hiyo ZFS haikuingizwa ndani ya kiini. Kazi ya kuileta kwenye Linux ilifanywa kando, ikiongozwa na Brian Behlendorf wa maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani, na mpaka sasa inasambazwa kama moduli ya nje. Ubuntu huisafirisha ikiwa tayari imejengwa, lakini kwenye Debian hujengwa upya na DKMS kila kiini kinaposasishwa. Ujenzi ukishindwa, pengine kwa kuwa kiini kipya kimelitangulia toleo la ZFS, kompyuta itawaka na kiini kisichoijua ZFS. Mwenye kompyuta atasema diski zimekufa, hali hakuna lolote lililozipata, na kuchagua kiini cha zamani kwenye menyu ya kuwashia kutarudisha kila kitu. Uamuzi huo haukaririwi. Unafikiwa na mtu anayejua kwa nini kitu kimekaa jinsi kilivyokaa, mpaka kufikia leseni yake.

Ila ufundi huu hujidhihirisha zaidi pale ZFS inapokataa kuingiza hifadhi na kusema kwamba ilitumiwa mara ya mwisho na mfumo mwingine. Kila kompyuta ina namba ya utambulisho, ambayo kwenye Linux huweza kuwekwa katika /etc/hostid, na hifadhi huikumbuka namba ya mashine iliyoishika mwisho bila kuiachilia kwa zpool export. Dawa inayojulikana na wote ni kuongeza -f ili kulazimisha, na mara nyingi dawa hiyo ni sahihi. Mtu aliiwasha kompyuta kwa flashi ili arekebishe jambo fulani, akaingiza hifadhi, akazima bila kuiachilia. Huo mfumo mwingine ni flashi iliyokwisha chomolewa. Lakini onyo hilohilo hutokea pia pale diski zilezile zimekabidhiwa kompyuta pepe ambayo bado inaendelea kufanya kazi kwa nyuma. Kulazimisha hapo ni kuwapa makarani wawili daftari moja la hesabu, kila mmoja akiamini yuko peke yake, na hifadhi inaweza kuharibika kiasi cha kutoingizwa tena. Kinga iitwayo multihost iliongezwa katika toleo la 0.7 mwaka 2017, lakini haijiwashi yenyewe. Onyo hutaja jina la mashine ya mwisho na wakati ilipoitumia hifadhi, maneno ambayo mwenye haraka huyaruka akitafuta mahali pa kuandika -f. Fundi huanzia hapo. Anauliza nani mwingine alizishika diski hizi, lini, na yuko wapi sasa. Akijibiwa, herufi ileile inakuwa salama mikononi mwake.

Kwa nini kungoja kunalipa kiasi hiki? Jeff Bonwick, Matthew Ahrens na wenzao walipoanza kuibuni ZFS mwaka 2001, waliamua kwamba data iliyo hai isiandikwe juu ya yenyewe. Mabadiliko huandikwa mahali patupu, kisha bloku kuu mpya ndiyo inayoutambulisha mti mpya wa data kuwa ndio halali. Kila diski hubeba lebo nne za kilobaiti 256 kila moja, mbili mwanzoni na mbili mwishoni, na ndani ya kila lebo mna safu ya bloku kuu za awamu zilizotangulia. Mabadiliko hukusanywa na kuandikwa kwa mafungu, kwa kawaida kila sekunde 5. Umeme ukikatika katikati, jambo ambalo wakazi wa Dar es Salaam, Bujumbura na Goma hawahitaji kuelezwa, bloku kuu ya mwisho iliyokamilika bado ipo, na mfumo unaanzia hapo. Bloku hiyo ikiwa na kasoro, zpool import -F hujaribu kurudi nyuma awamu chache na kuacha sekunde za mwisho za kazi, na ukiongeza -n itakuambia kwanza kama jaribio hilo litafaulu, bila kulitekeleza. Hata hifadhi iliyofutwa kwa zpool destroy huweza kuonekana tena kwa zpool import -D, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Kwa maneno mengine, historia ya hifadhi imo ndani ya diski zenyewe, na kinachoifuta ni uandishi. Kila amri inayoandika hula sehemu ya ushahidi. Ndiyo maana fundi, hata anapopata njia ya kuingia, huanza kwa readonly=on, akanakili kilicho muhimu, kisha ndipo arekebishe.

Wapo wanaosema kwamba juhudi hii yote haina maana kwa mtu mwenye nakala rudufu: afomati, arudishe, alale. Nakubali kwamba asiye na nakala rudufu anacheza na bahati, na kwamba diski mbili zinazoakisiana si nakala rudufu, kwa sababu faili likifutwa hufutwa kwenye zote mbili papo hapo. Lakini kurudisha ni uamuzi unaohitaji uchunguzi kama uamuzi mwingine wowote. Chanzo kikiwa kebo mbovu au diski inayokufa, nakala nzima itarudishwa juu ya ubovu uleule. Na kama nakala iko mbali, terabaiti 4 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua siku 37 usiku na mchana, bila kutaja bei ya vifurushi. Nusu saa ya kuuliza ni nafuu kuliko hayo. Wengine huuliza kwa nini mtu wa kawaida asitumie ext4, ambayo ni sehemu ya kiini na haijui habari za hostid. Swali ni la haki, na kwa diski moja ya mfumo, wanaouliza hivyo wako sahihi. Tofauti ni kwamba ext4 haihakiki maudhui ya mafaili. Biti ikigeuka ndani ya picha, ext4 itapachikwa kwa furaha na kukupa picha mbovu bila neno. Hifadhi inayokataa kufunguka imekusumbua, lakini haijakudanganya.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huu si ufundi, ni orodha ya amri tu ambayo yeyote anaweza kuifuata. Lingekuwa kweli kama dalili moja ingekuwa na chanzo kimoja. Tena baadhi ya ushauri unatoka kwenye mashine yenyewe. zpool status huweza kupendekeza zpool upgrade, ikionya kwamba baada ya hapo programu za zamani huenda zisiweze kuifungua hifadhi. Mtu aliye katikati ya dharura huona neno la kuboresha, anaitekeleza, na kesho flashi yake ya uokoaji yenye toleo la zamani haiwezi tena kuiingiza hifadhi. Amri ilikuwa sahihi, wakati ndio haukuwa wake, na orodha haijui wakati.

Kazi haijaisha mafaili yanapoonekana. Kilichorekebishwa kwa mkono leo kinaweza kukwama tena kesho asubuhi, kwa sababu kwenye kompyuta iliyosakinishwa juu ya ZFS, initramfs, ule mfumo mdogo unaotangulia kuwaka, hubeba nakala yake ya hostid na ya zpool.cache. Kuisahihisha /etc bila kuijenga upya initramfs ni kuiacha nakala ya zamani kazini. Fundi huijenga, huhakikisha huduma za kuingiza na kupachika zimewezeshwa kwenye systemd, huendesha zpool scrub ili kila bloku inayotumika isomwe na kuhakikiwa, na huandika kwenye daftari alichokikuta na alichokibadilisha, pamoja na namba ya kiini na toleo la ZFS. Kisha huizima kompyuta kabisa, huiwasha tena bila kugusa chochote, na husoma journalctl -b tangu mstari wa kwanza.