Fimbo ya Njia Panda

Kwa miaka 26 nilifundisha fasihi katika shule za sekondari, na karibu kila mwaka niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba kisa cha mfalme Oedipus ni kisa cha majaliwa. Miungu ilikwisha kusema kwamba atamwua babake na kumwoa mamake. Akakimbia ili asitende hayo. Na kule kukimbia ndiko kulikomfikisha. Niliandika ubaoni, "Ajali haina kinga." Wanafunzi walinakili, mtihani ukaja, wakajibu hivyo hivyo, nami nikawapa alama zao. Sasa nimestaafu siku nyingi, na ninaona kwamba niliwafundisha nusu ya hadithi. Nusu niliyoiacha ndiyo iliyonihusu mimi.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na kisa hiki, nikieleze kwa ufupi. Sophocles, mtunzi wa Athens wa karne ya 5 K.K., ndiye aliyekiweka jukwaani kwa namna tunayoijua zaidi, na Samuel Mushi alitupatia tafsiri ya Kiswahili, Mfalme Edipode, iliyotoka mwaka 1971. Mji wa Thebes umeingiliwa na tauni. Mungu Apollo anasema kwamba maradhi hayataondoka mpaka apatikane mtu aliyemwua Laius, mfalme wa zamani. Oedipus, ambaye sasa ndiye mfalme, anaapa kumtafuta mwuaji huyo na anamlaani kabla hajamjua. Shahidi baada ya shahidi, upelelezi unamrudia mwenyewe. Laius alikuwa babake, na Jocasta, mjane aliyemwoa, ni mamake.

Ufalme wenyewe aliupata kwa kitendawili. Nje ya Thebes liliketi dude lenye kichwa cha mwanamke na mwili wa simba, likiwauliza watu ni kitu gani kinachotembea kwa miguu minne asubuhi, miwili mchana, na mitatu jioni. Aliyeshindwa aliuawa. Oedipus akajibu kwamba ni binadamu: utotoni hutambaa, utu uzimani husimama, na uzeeni huongeza mkongojo. Sisi tuliokua tukitegeana vitendawili tunajua kwamba anayeshindwa hutoa mji. Oedipus alishinda akapewa mji, na malkia pamoja nao. Aliyejua jibu la binadamu wote hakujua jibu la nafsi yake. Nyani haoni kundule. Mpaka hapo walimu wote husema, nami nilisema.

Lakini hebu turudi nyuma, kwenye njia panda. Oedipus alikulia Corinth, kwa watu aliodhani ni wazazi wake. Siku moja karamuni mlevi alimwambia kwamba yeye si mwana halisi wa babake. Neno hilo likamkereketa, akaenda Delphi kuuliza. Swali lake halikujibiwa. Badala yake akaambiwa kwamba atamwua babake na kumwoa mamake. Akaapa kutorudi Corinth. Akiwa njiani, mahali zinapokutana njia tatu, likaja gari la kukokotwa na wanyama, na ndani yake mtu mzima. Yule mzee na mtu aliyemtangulia wakataka kumsukuma Oedipus atoke njiani. Oedipus akampiga mwendeshaji. Alipokuwa akipita ubavuni mwa gari, mzee akamvizia, akampiga kichwani kwa fimbo ya kuswagia wanyama. Oedipus akamwangusha kwa fimbo yake mwenyewe, kisha, kama anavyosimulia kwa kinywa chake, akawaua wote.

Sasa tujiulize, msomaji. Mtu huyu alikuwa ametoka kuambiwa kwamba atamwua babake, na bado alikuwa na shaka babake ni nani. Angepaswa kufanya nini alipokutana na mwanamume wa umri wa kumzaa? Nadhani mtu wa namna hiyo angejichunga asiinue mkono juu ya mzee yeyote maisha yake yote. Oedipus hakukumbuka. Aliukimbia mji na aliwakimbia wazee, lakini hasira alisafiri nayo. Naam, alichokozwa, na yule mzee naye hakuwa mpole. Kwa hasira walifanana, wala hawakujua kwa nini. Hata hivyo miungu ilitaja mwisho wa jambo tu. Haikutaja kwamba mwisho huo utafika kwa ugomvi wa nani apite kwanza.

Wala hasira hiyo haikuishia njiani. Mchezoni tunamwona akimtukana Teiresias, mtabiri kipofu, kwa sababu amesema kweli. Tunamwona akitaka shemeji yake Creon auawe, wala si kufukuzwa tu, kwa kosa ambalo halikuthibitishwa. Mchungaji mzee anaposita kusema, anaamuru apindwe mikono. Kila mara ni mtu yule yule wa njia panda, isipokuwa sasa amevaa taji.

Ndipo nilipojiona. Babangu alikuwa mtu wa fimbo. Nikiwa na miaka 15 niliapa moyoni kwamba mtoto wangu hatayajua niliyoyajua, na nilipopata kazi nilishukuru kupangiwa mbali na nyumbani, mwendo wa siku mbili kwa basi. Nilidhani umbali ni dawa. Jioni moja ya mwaka 1987 mwanangu, aliyekuwa na miaka tisa, alivunja chemni ya taa ambayo ndiyo kwanza niinunue. Nilichomoa mkanda. Nilipokuwa nikimpiga nilisikia kinywa changu kikitamka maneno ya babangu, tena kwa lafudhi ya kijijini niliyodhani nimeiacha zamani. Haikuwa mara ya mwisho. Na kesho yake asubuhi nilikwenda darasani nikafundisha kwamba ajali haina kinga.

Wapo waliokisoma kisa hiki kwa njia nyingine. Freud, yule daktari wa Vienna, katika kitabu chake kuhusu ndoto, aliona humo tamaa iliyofichika ya kila mtoto juu ya mamake na uadui wake kwa babake. Sikatai kwamba aliona jambo. Lakini yeye alimtazama zaidi mwana, ilhali mambo yalianza kwa baba. Ni Laius aliyeogopa utabiri, akamfunga mtoto mchanga vifundo vya miguu na kuagiza akatupwe mlimani afe. Jina Oedipus maana yake ni miguu iliyovimba; yaani mtoto alibeba kosa la babake katika jina lake na katika kila hatua aliyopiga. Ugomvi wao ulianzishwa na mtu mzima, siku ambayo mwenziwe hakuweza hata kutambaa.

Je, basi Oedipus ni mtu wa kulaumiwa tu? La hasha. Kama angekuwa hivyo, mchezo huu usingedumu zaidi ya miaka 2,400. Ukubwa wake uko katika jambo jingine. Jocasta, ambaye amekwisha kung'amua, anamsihi aache kuuliza. Mchungaji anamsihi vile vile. Anaweza kunyamaza akabaki na kiti chake, na hakuna mungu anayemshurutisha. Lakini anasema lazima asikie, na anasikia. Mwishoni, baada ya kujitoboa macho, anakiri kwamba Apollo ndiye aliyemletea mateso, lakini mkono uliopiga ulikuwa wake mwenyewe. Katika kauli hiyo majaliwa yana mahali pake na mtu ana mahali pake, wala kimoja hakimfuti mwenziwe. Ningeliandika hilo ubaoni.

Iko sehemu ya pili inayosomwa na wachache. Uzeeni kabisa, akikaribia miaka 90, Sophocles alitunga mchezo wa Oedipus akiwa Colonus. Ulioneshwa mwaka 401 K.K., mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Humo Oedipus ni mzee kipofu anayeongozwa na bintiye, Antigone. Anajitetea kwamba aliua bila kujua, tena akijilinda, na utetezi wake una uzito. Lakini Creon anamwambia kwamba hasira ndiyo inayomharibia sikuzote. Creon ni mtu mwovu katika mchezo huo, ila hata mwovu huweza kusema kweli. Baadaye mwanawe, Polynices, anakuja kumwomba radhi na baraka kabla ya vita. Mzee anamlaani, yeye na nduguye, kwamba watauana. Antigone anamsihi kakaye asiende, lakini laana imekwisha kutoka. Binadamu aliyejua mambo yake yote, kwa gharama ya macho yake, bado hakuweza kumshinda yule wa njia panda. Kujua si kupona.

Niliposoma sehemu hiyo nilifunga kitabu. Kwa miaka mingi mimi na mwanangu tulikuwa tukikutana misibani, tunasalimiana, kisha kila mtu anakwenda zake. Mwaka jana alikuja kunitazama nilipougua. Usiku, taa ikiwa imezimwa, nilimwuliza kama utotoni alikuwa akiniogopa.

Alikaa kimya sana. Kisha akasema, "Baba, mpaka leo nikisikia mtu anafungua mkanda wa suruali, nasimama."

Utetezi nilikuwa nao mwingi: mshahara mdogo, malezi niliyoyapata, fimbo ya babangu. Kila neno lingekuwa la kweli, kama utetezi wa yule mzee wa Colonus. Niliumeza wote. Nilimwambia kwamba mkono ule ulikuwa wangu, na nikamwomba radhi. Hakujibu. Lakini asubuhi hakuondoka na basi la kwanza kama alivyopanga. Alikaa tukanywa chai.

Kama ningerudi darasani leo ningefuta ile methali ubaoni, si kwa kuwa ni ya uongo, bali kwa kuwa huja upesi mno, kabla mtu hajajiuliza. Ningewauliza wanafunzi swali moja tu: pale njia panda, Oedipus angeweza kufanya nini? Jibu ni dogo. Angeweza kupisha.