Kivuli cha mwezi na roho ya mtu

Jua au mwezi unapopatwa, watu wengi huuliza: jambo hili linatuambia nini? Wanajimu wa siku hizi katika Ulaya na Marekani wana jibu lao. Jua likipatwa, wanasema, ni mwanzo mpya wa moyo. Mwezi ukipatwa, ni wakati wa kutua mzigo wa machungu ya zamani na kukua rohoni. Haya, tuyapime mafundisho hayo.

Katika karne ya 2, Ptolemy, mtaalamu wa Alexandria katika Misri, aliandika Almagest, akafundisha namna ya kuhesabu siku ya kupatwa. Katika kitabu chake kingine, Tetrabiblos, alieleza maana yake: jua likipatwa saa mbili, matokeo yatadumu miaka miwili, mwezi ukipatwa saa mbili, miezi miwili. Matokeo hayo aliyatafuta hasa katika nchi na miji: njaa, vita, maradhi.

Karne ya 20 ilileta mageuzi. Dane Rudhyar, mzaliwa wa Paris aliyehamia Marekani, alitoa kitabu The Astrology of Personality mwaka 1936. Alipokea mawazo ya Carl Jung, mganga wa nafsi, akafundisha kwamba nyota hazimsukumi mtu, bali anga ni alama ya nafsi yake.

Tusiwe wadhalimu. Mafundisho hayo yana jema moja: badala ya kumtisha mtu, yanamwambia ajitazame ndani. Lakini yana kasoro mbili.

Ya kwanza: hayapimiki. Ptolemy akitabiri njaa, na mavuno yakajaa ghala, kila mtu ataona kwamba amekosa. Lakini nani asiyeanza jambo lolote katika nusu mwaka? Shauri linalomfaa kila mtu halimwambii mtu yeyote neno. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha mwezi kilipita Gabon, Kongo zote mbili, Uganda na Kenya. Chini yake walikuwamo wenye furaha na wenye msiba. Maana moja itawaeneaje wote? Mtakatifu Agostino alikwisha kuuliza hivyo katika Maungamo yake: Firminus na mtoto wa mjakazi walizaliwa saa ile ile, mmoja akaishi kwa heshima, mwingine akabaki mtumwa.

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi: inaahirisha kazi ya moyo. Aliyekosana na ndugu yake anaambiwa angoje mwezi upatwe ndipo aachilie hasira. Je, ndugu yake akifa kabla ya siku hiyo? Kusamehe ni kazi ya nia, wala kivuli hakina nia.

Basi, jua likipatwa tukinge macho yetu, tumsifu Muumba aliyeipanga mbingu kwa hesabu. Lakini deni la upendo tusilitafutie siku angani. Tulilipe leo, kabla ya kulala.